Mwongozo kamili: Kuandaa deki ya Pokémon kwa mwaka mpya wa mashindano

Maswali yanayonifikia kila mwanzo wa mwaka yanafanana. Mmoja deki yake ilikuwa ikitamba Desemba, ikakataliwa mezani Aprili kwa sababu nusu ya kadi hazina ruhusa tena. Mwingine kanunua kadi mpya za bei mbaya, kaingia mashindano ya kwanza, katoka mapema. Wa tatu kanakili deki ya bingwa kadi kwa kadi na bado anapigwa na wachezaji wa kawaida kabisa.

Hawa si wavivu wala si wachezaji wabovu. Wanaanza kazi mahali pasipo penyewe. Wanaanza kwa kuongeza kadi, ilhali maandalizi ya mwaka mpya huanza kwa kuhesabu kilichotoka. Ukijua ulichopoteza, utajua unachotafuta.

Mwongozo huu ni wa mchezo wa kadi wa Pokémon, mtindo wa Standard, ule wa deki ya kadi 60 na zawadi 6 (kadi unazoziweka pembeni mwanzoni na kuzichukua kila unapomwangusha Pokémon wa mpinzani) unaochezwa hadi kwenye Mashindano ya Dunia, ambayo mwaka 2026 yanafanyika San Francisco. Usiuchanganye na Pokémon TCG Pocket ya kwenye simu, ambayo deki yake ni kadi 20. Ni mchezo mwingine, na mazoea ya kule yatakuponza huku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi zako zote, hata zile ulizoziweka kando kwa kudhani hazina kazi.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa, ila daftari huwezi kulifunga kwa bahati mbaya katikati ya mchezo.
- Programu ya Pokémon TCG Live. Ni ya bure, na asiye na duka la kadi karibu naye hufanyia humo mazoezi yake yote.
- Tovuti ya Limitless TCG, inayoweka wazi orodha za deki na matokeo ya mashindano makubwa, yakiwemo ya Japani.
- Vifuko vya kuvalisha kadi 60 na vichache vya akiba, vya rangi moja, visivyoonyesha upande wa pili.
- Dadu za kuhesabia uharibifu, na moja ya kurushia badala ya sarafu.
- Mtu wa kucheza naye. Mmoja anatosha, mradi awe mkweli.

Kadi mpya hazimo kwenye orodha hii. Zitanunuliwa baadaye, na mahali pake nitakuonyesha.

## Hatua ya 1: Fuata kalenda ya mchezo, si ya ukutani

Mwaka wa kadi haugeuki Januari Mosi. Kadi za zamani hustaafishwa mara moja kwa mwaka, na kwa miaka ya karibuni imekuwa Aprili: tarehe 14 mwaka 2023, tarehe 5 mwaka 2024 na tarehe 11 mwaka 2025. Kinachoamua ni herufi ndogo iliyo kona ya chini kushoto ya kadi. Mwaka 2023 iliondoka D, 2024 ikaondoka E, 2025 ikaondoka F. Zamu ya mwaka 2026 ni ya G.

Kwa hiyo Januari hadi Machi una miaka miwili mikononi. Deki ya kuchezea miezi hiyo bado inatumia G, deki ya kuchezea baada ya Aprili haiwezi. Wengi hupoteza miezi hii mitatu wakinoa deki itakayokufa.

Weka tarehe mbili kwenye daftari. Ya kwanza ni mashindano yako ya mwisho kabla ya kadi kustaafishwa. Ya pili ni ya kwanza baada yake. Kama kati ya hizo mbili pana majuma mawili tu, usijaribu kumudu deki mbili. Chagua mashindano yenye uzito zaidi kwako na uyape nguvu zako zote.

Tahadhari: seti mpya (mkupuo wa kadi mpya) ikitoka dukani haina maana inaruhusiwa mezani siku hiyo. Kwa kawaida hupita wiki mbili ndipo ikubalike kwenye mashindano ya ana kwa ana. Soma tangazo rasmi la mashindano yako, usitegemee neno la rafiki.

## Hatua ya 2: Tenganisha kadi zako kwa herufi

Mwaga kadi zote mezani. Fanya mafungu matatu: G, H na kuendelea, na zilizokwisha kustaafu. Kadi za kawaida za Basic Energy (nishati ya kulipia mashambulio) ziweke pembeni, hizo hazistaafu.

Sasa chukua fungu la G, maana ndilo litakalokuuma. Pitia kadi moja moja na ujiulize: je, imechapishwa upya kwa herufi mpya zaidi? Kama imechapishwa, nakala yako ya zamani yenye jina na kazi ileile inaendelea kuruhusiwa. Ultra Ball (ya kutafuta Pokémon ndani ya deki), Rare Candy (ya kumkuza Pokémon kwa kuruka hatua ya kati) na Boss's Orders (ya kumvuta mbele Pokémon wa benchi la mpinzani) zote zilirudi kwenye seti ya Mega Evolution iliyotoka Septemba 2025, kwa hiyo usizitupe wala usizinunue tena.

Zisizochapishwa upya ndizo zenye habari. Na hapa usiandike jina la kadi tu. Andika *kazi* iliyokuwa ikifanya. Tuchukue tatu ambazo karibu kila deki ilikuwa nazo:

Nest Ball. Ilikuwa inatoa Pokémon yeyote wa Basic (wa hatua ya kwanza, asiyekua kutoka kwa mwingine) kutoka ndani ya deki na kumweka benchi, yaani safu iliyo nyuma ya anayepigana, bila gharama. Buddy-Buddy Poffin, yenye H, inabaki na inatoa wawili kwa mpigo, lakini ni wale wenye HP (uhai) 70 kushuka chini tu. Dreepy wa HP 70 anapita. Fezandipiti ex wa HP 210 hapiti. Kwa wakubwa utabaki na Ultra Ball, na hiyo inakudai utupe kadi mbili za mkononi. Hesabu gharama hiyo, kwa sababu zamu ya kwanza kadi mbili ni nyingi.

Arven. Alikuwa anakuletea Item (kadi ya kitu) moja na Tool (kifaa cha kumvalisha Pokémon) moja. Deki nyingi zilikuwa na nakala moja moja za vitu kwa kuwa Arven angevitafuta. Akiondoka, nakala moja inageuka kuwa bahati nasibu. Hili ndilo linalovunja deki nyingi kimyakimya, na ndilo watu hawalioni wanapobadilisha kadi moja kwa moja.

Iono. Aliwalazimisha wachezaji wote wawili kurudisha mkono chini ya deki na kuvuta kadi kwa idadi ya zawadi zilizobaki. Aliyekuwa akiongoza aliadhibiwa. Lillie's Determination inayotumika sana sasa inakuvutia wewe kadi sita, au nane kama zawadi zako zote sita bado zipo, lakini mpinzani haimgusi. Maana yake aliyetangulia atabaki kakaa juu. Kama deki yako ilikuwa ya kuanza taratibu na kurudi mwishoni kwa msaada wa Iono, nguzo yake imeondoka. Unfair Stamp inaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, kwani mpinzani anabaki na kadi mbili, lakini ni ACE SPEC: moja tu kwa deki, na inakubali tu pale Pokémon wako alipoangushwa zamu iliyotangulia.

Hatua hii imefaulu ukiwa na ukurasa wenye mistari ya aina hii: "nimepoteza njia ya kuleta Pokémon mkubwa benchi", "nimepoteza njia ya kutafuta Rare Candy". Ukurasa ukiwa na majina ya kadi tu, rudia.

## Hatua ya 3: Soma Japani, kisha chagua deki moja

Japani hupata seti mpya kabla yetu, na kadi za zamani huzistaafisha Januari. Kuanzia mwisho wa Januari wenzetu wa kule wanacheza mchezo ambao sisi tutaucheza Aprili. Matokeo ya mashindano yao madogo ya miji, City League, huwekwa Limitless kila wiki. Hakuna hazina kubwa kuliko hiyo, na ni ya bure.

Ila kuna mtego. City League huchezwa mchezo mmoja kwa kila raundi. Mashindano makubwa ya nje ya Japani huchezwa michezo mitatu, anayepata miwili ndiye mshindi. Deki ya kushtukiza inaweza kuvuma Japani kwa sababu mpinzani hana nafasi ya pili ya kuielewa. Kwa michezo mitatu, mshtuko huo unaisha mchezo wa pili. Basi usiangalie deki iliyoshinda mara moja. Angalia ile inayoonekana kwenye nane bora juma baada ya juma, katika miji tofauti.

Ukishapata tatu au nne za namna hiyo, chagua moja kwa maswali haya, kwa mpangilio huu:

Una kadi zake kwa kiasi gani tayari? Deki ambayo una kadi 45 kati ya 60 ina faida kubwa juu ya deki unayopaswa kuinunua yote.

Inacheza kwa kasi gani? Kama wewe ni mtu wa kufikiri polepole, deki yenye maamuzi kumi kila zamu itakumaliza kwa saa. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 7.

Inawaudhi nani? Deki nzuri si lazima iwe yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 2024 kule Honolulu, Fernando Cifuentes wa Chile alitwaa ubingwa wa dunia kwa Iron Thorns ex, ambaye akiwa mbele anazima uwezo wa Pokémon wengi wenye nguvu. Wengi ukumbini walikuwa wamezijenga deki zao juu ya uwezo huo. Alisoma watakachokuja nacho wenzake, akaleta kinachowakwamisha.

Kwa mifano iliyobaki nitatumia Dragapult ex. Mti wake wote wa kukua, yaani Dreepy anayekuwa Drakloak kisha Dragapult ex, una herufi H, kwa hiyo anavuka Aprili salama. Ukichagua deki nyingine, kanuni ni zilezile.

Tahadhari ya fedha: bei za kadi hupanda siku za kwanza baada ya seti kutoka na mara nyingi hushuka baadaye. Usinunue hadi umalize hatua ya 5. Kabla ya hapo cheza kwenye programu, au andika jina la kadi kwenye karatasi na uiingize kwenye kifuko mbele ya kadi ya kawaida. Kwa mazoezi ya nyumbani inatosha kabisa. Na jihadhari na kadi bandia, zile za bei ya kutupa zinazouzwa pamoja na midoli: rangi ya mgongo imepauka, maandishi yana unene tofauti. Hizo haziruhusiwi kwenye mashindano hata kama umenunua kwa nia njema.

## Hatua ya 4: Jenga kwa hesabu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua kwamba wamekwama. Mtu anasema "sina bahati". Ukiangalia deki yake unakuta bahati hiyo kaijenga mwenyewe.

Kumbuka mchezo unavyoanza: unachanga kadi 60, unavuta 7, unaweka 6 pembeni kama zawadi. Hesabu zote zinatoka hapo.

Pokémon wa Basic. Usipokuwa na hata mmoja kwenye kadi 7 za mwanzo, unaonyesha mkono, unachanga upya, na mpinzani ana haki ya kuvuta kadi ya ziada. Ukiwa na Basic 8 kwenye deki, hilo litakutokea kwa asilimia 35. Ukiwa nao 12, linashuka hadi asilimia 19. Deki yenye 8 inagawa kadi ya bure katika mchezo mmoja kati ya kila mitatu hivi. Kama unalazimika kubaki na 8, uwe na sababu nzito.

Kadi za kufungulia mchezo. Namba zilezile zinafanya kazi upande wa pili. Kadi yoyote unayoihitaji mwanzoni, ukiwa na nakala 4, utaiona kwenye kadi 7 za kwanza kwa asilimia 40. Nakala 2, asilimia 22. Ukiwa na kadi 8 zinazofanya kazi ileile, hata kama majina ni tofauti, unafika asilimia 65. Ukiwa na 12, asilimia 81. Ndiyo maana nilikwambia uandike kazi badala ya majina: Poffin 4 na Ultra Ball 4 zinahesabika kama 8 kwa kazi ya "kuleta Dreepy".

Nakala moja. Kadi yenye nakala moja ina nafasi ya asilimia 10 kamili ya kulala kwenye zawadi, maana ni 6 kati ya 60. Ukiweka nakala mbili, nafasi ya zote kulala huko ni chini ya asilimia 1. Hivyo kwa kila kadi ya nakala moja jiulize: ikikosekana mchezo mmoja kati ya kumi, bado naweza kushinda? Kama jibu ni hapana, weka ya pili, hasa sasa Arven hayupo wa kuitafuta.

Anza kwa mifupa. Kwa Dragapult mimi huweka Dreepy 4, Drakloak 4 na Dragapult ex 3 kabla ya kugusa kitu kingine. Watu hupunguza Drakloak hadi wawili wakisema wana Rare Candy. Nawasihi msifanye hivyo. Uwezo wa Drakloak unakuruhusu kutazama kadi mbili za juu kila zamu, uchukue moja na nyingine uipeleke chini. Drakloak wawili benchi wanakuchagulia kadi mbili za ziada kila zamu, na huo ndio moyo wa deki. Rare Candy inaruka moyo huo.

Baada ya mifupa weka Poffin na Ultra Ball, kisha Supporter (kadi za wasaidizi, kama Lillie's Determination) wa kuvuta kadi, kisha Boss's Orders, kisha Energy. Dragapult anahitaji Fire na Psychic kwa shambulio lake la Phantom Dive, kwa hiyo angalia usiwe na aina moja nyingi na nyingine haba. Nafasi mbili au tatu za mwisho ziache wazi. Ndizo utakazozijaza baada ya mazoezi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu mwingine kazi ya kila kadi kwa sentensi moja. Ukifika kwenye kadi na ukasema "nimeiona kwenye deki ya bingwa", itoe.

## Hatua ya 5: Mazoezi yenye kumbukumbu

Kwanza cheza peke yako. Changa, vuta 7, weka zawadi, cheza zamu zako tatu za mwanzo bila mpinzani, andika ulichopata, changa tena. Fanya hivyo mara ishirini. Inachosha, lakini kwa saa moja utajua kama deki inaamka au inalala.

Kwa Dragapult, swali langu ni moja: mwisho wa zamu ya pili, nina Drakloak wangapi mezani? Ikiwa ni wawili au zaidi katika majaribio mengi, deki iko sawa. Ikiwa ni mmoja au hakuna, rudi hatua ya 4.

Kisha cheza na mtu. Chagua deki nne au tano utakazokutana nazo zaidi, na cheza angalau michezo kumi dhidi ya kila moja, mitano ukianza wewe na mitano akianza yeye. Kutofautisha hilo ni lazima. Anayeanza hawezi kushambulia wala kutumia Supporter zamu yake ya kwanza. Anayefuata anaweza vyote viwili. Ndiyo sababu Budew amekuwa kero: shambulio lake halidai Energy, na linamzuia mpinzani kutumia Item zamu inayofuata. Akitokea upande wa pili kabla hujatumia Poffin yako, umefungwa. Deki inayoshinda michezo saba kati ya kumi ikianza inaweza kushinda mitatu tu ikiwa ya pili, na ukichanganya hesabu hutaligundua kamwe.

Kwenye daftari andika: deki ya mpinzani, nani alianza, matokeo, na sababu moja ya matokeo. Sababu iwe ya kitendo. "Sikupata Energy ya Fire hadi zamu ya nne" ni sababu. "Bahati mbaya" si sababu.

Usibadilishe kadi baada ya kila kipigo. Ukibadilisha leo tatu na kesho tano, baada ya wiki hujui ni nini kilisaidia. Maliza michezo kumi, soma sababu, kisha badilisha.

Sasa nunua kadi.

## Hatua ya 6: Chora ramani ya zawadi

Katika mchezo huu unashinda kwa kuchukua zawadi 6. Pokémon wa kawaida akiangushwa anatoa zawadi 1, ex anatoa 2, Mega Evolution ex anatoa 3. Kabla ya kucheza kadi ya kwanza jiulize: nitazitoa wapi sita zangu, na yeye atazitoa wapi zake?

Anza na zako. Tuseme mpinzani ana Mega Lucario ex, HP 340. Phantom Dive inampiga aliye mbele 200, na inakupa vihesabio 6, sawa na uharibifu 60, vya kugawa benchi unavyotaka. Ukimpiga mara mbili ni 400, Lucario anaanguka, zawadi 3. Katika mapigo hayo mawili umegawa benchi 120. Kama ana Pokémon wawili wadogo wa HP 60 pale nyuma, wote wameanguka, zawadi 2 zaidi. Mashambulio mawili, zawadi 5. Ukivipaka vihesabio ovyo ovyo, kidogo hapa kidogo pale, unamaliza mapigo yaleyale ukiwa na zawadi 3.

Sasa zake. Tuseme anaweza kuangusha mmoja wako kila zamu. Benchi umemweka Dragapult ex wa pili na Fezandipiti ex. Njia yake ni 2, 2, 2. Mapigo matatu, kwaheri. Lakini kama Fezandipiti alibaki mkononi, na wa kwanza kutolewa mbele alikuwa Budew, hesabu yake inakuwa 1, 2, 2, kisha 2 nyingine au 1. Mapigo manne. Umejinunulia zamu nzima kwa kutomweka benchi kadi moja.

Fezandipiti naye ana thamani yake, anakuvutia kadi 3 kila unapoangushiwa mtu. Uamuzi ni wako na unabadilika mchezo hadi mchezo: kadi tatu au zamu moja? Ninachokuomba ni uufanye uamuzi huo ukiujua. Nikitazama wanaojifunza, wengi humshusha kwa mazoea, na mchezo unawatoka pale pale wakiwa bado hawajapigwa hata mara moja.

Sehemu ya pili ya ramani ni kujua zawadi zako wenyewe zimelala wapi. Mara ya kwanza unapofungua deki kutafuta kadi, usichukue uliyoitaka ukafunga. Hesabu. Pitia kwanza Dragapult, kisha Energy, kisha kadi za nakala moja. Usichokiona mkononi, mezani wala ndani ya deki kipo kwenye zawadi. Mwanzoni itakuchukua dakika mbili; ukifanya kila mchezo kwenye mazoezi itashuka hadi nusu dakika.

## Hatua ya 7: Cheza na saa

Raundi ya michezo mitatu kwa kawaida ina dakika 50, kisha zamu 3 za nyongeza. Ushindi ni pointi 3, sare ni 1, kushindwa ni 0. Sare mbili zinakupa pointi 2, pungufu ya aliyeshinda raundi moja na kupoteza moja.

Mgawanyo wa dakika unaofanya kazi ni kama 20 kwa mchezo wa kwanza, 15 kwa kila unaofuata. Weka saa mezani unapofanya mazoezi tangu hatua ya 5.

Ukiona mchezo wa kwanza umekushinda, kubali mapema. Watu wanang'ang'ania mchezo uliokwisha kwa dakika 15, kisha hawana muda wa kushinda miwili iliyobaki. Kumbuka pia: kama mchezo wa pili haukuisha, aliyeshinda wa kwanza ndiye mshindi wa raundi. Aliyepoteza wa kwanza ndiye anayehitaji muda, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sababu ya kukimbia. Kukimbia kwa haki, lakini. Kuburuza muda makusudi ni kosa, na mpinzani akifanya hivyo inua mkono umwite mwamuzi kwa utulivu. Si ugomvi, ndiyo kazi yake.

## Hatua ya 8: Orodha, vifuko, na asubuhi ya mashindano

Orodha ya deki iandikwe usiku uliopita, au iwasilishwe mtandaoni kama mashindano yanavyoagiza. Kwa kila Pokémon andika jina, alama ya seti na namba ya kadi, kwa sababu Pokémon wa jina moja wanaweza kuwa na mashambulio tofauti kabisa. Hesabu hadi 60. Mpe mtu mwingine ahesabu tena kwa kulinganisha na kadi zenyewe. Orodha yenye kosa inaweza kukugharimu mchezo mzima kabla hujaketi.

Kagua herufi za kona kwa mara ya mwisho, kadi moja baada ya nyingine. Mashindano ya kwanza baada ya Aprili huwa yana watu waliosahau G moja ndani ya deki. Kama umeweka nakala ya zamani ya kadi iliyochapishwa upya, ujue ni seti gani mpya inayoipa ruhusa, ili mwamuzi akiuliza umjibu papo hapo.

Valisha kadi zote vifuko vipya vya pakiti moja. Kifuko kimoja kilichochakaa pembeni kinaifanya kadi itambulike kwa mgongo, na hiyo ni adhabu hata kama hukukusudia. Beba akiba, maji na kitu cha kula. Raundi ni nyingi na njaa huanza kukukosesha hesabu raundi ya tano.

Mezani, uliza tu "tuanze?" na utangaze unachofanya kwa sauti ya kusikika: kadi unayocheza, nani unamlenga, uharibifu kiasi gani. Nusu ya ubishi unatoka kwa watu wanaocheza kimya.

Baada ya kila raundi, kabla ya kwenda kusimulia, andika mistari miwili: nani alianza, na ni nini kilichoamua. Ukifika nyumbani linganisha kurasa hizo na kumbukumbu za hatua ya 5. Mpambano ulioutegemea kushinda ukapoteza mara mbili ndio wa kurudia kwa michezo kumi mipya. Badilisha kadi mbili, zisizidi, na uziandike kwa tarehe, kwa sababu seti inayofuata ikija utataka kujua kwa nini uliziweka.